Gharama Ikizidi



Nimepewa dakika chache nizungumzie wajibu wa Mkristo kwa shida za wenzake. Ndugu zangu Waislamu wanivumilie. Wao wanayo zaka, tena yenye kiwango na wakati wake, na hapo pengine wametutangulia.

Sisi tunaye Msamaria wa Injili ya Luka, sura ya 10. Barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko inateremka karibu mita 1,000 katikati ya majabali, mahali hasa pa wanyang'anyi. Tukihubiriwa habari ile husifiwa mafuta, divai na kufungwa jeraha. Mimi nawaomba mwitazame asubuhi ya pili. Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Alijifunga kwa deni asilolijua kiasi chake, kwa ajili ya mtu asiyemjua hata jina.

Hapo ndipo tunapopungukiwa. Siku ya mkutano tunachanga, tunapigiwa makofi, tunapanda magari yetu. Baadaye tunajisemea kwamba siku hizi elimu ni bure. Ni kweli, ada iliondolewa katika shule za Serikali: kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini ada ya bweni iliyofutwa ilikuwa 70,000/= kwa mwaka. Kijana wa bweni bado anatakiwa kuja na godoro, shuka, sare, viatu, madaftari, na nauli ya kutoka kwao. Mzazi asiye na kitu akijumlisha hayo anaipita ada ile kwa mbali. Kijana wa namna hiyo hafukuzwi na mtu. Haripoti tu, na jina lake linakatwa katika orodha.

Napendekeza kila kundi la waliomaliza mwaka mmoja lichukue kijana mmoja, tangu anaporipoti hadi anapomaliza. Mwalimu Mkuu ndiye awe mwenye nyumba ya wageni wetu: atuandikie kilichozidi, nasi tulipe. Jina la kijana lisisomwe mbele ya watu, wala asiitwe kupiga picha nasi. Luka hakuandika popote kwamba yule majeruhi alitoa shukrani.

Nanyi vijana, msidhani jambo hili linangoja mshahara. Ninyi mnajua kuliko sisi nani analala bila shuka, na nani hafungui sanduku lake mbele ya wenzake. Mwambieni mwalimu wa bweni, kwa siri, leo hii.

Ndugu Mwenyekiti, kundi letu lilikubaliana jana usiku. Tunamwomba Mwalimu Mkuu atupe kijana wetu kabla ya Januari.