Pima Kabla ya Kukabidhi: Haki ya Mnunuzi na Haki ya Sonara

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini, Songea)



Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, mada niliyopewa leo inahusu haki ya mtu anayenunua dhahabu kwa sonara, au anayempelekea pambo lake alitengeneze. Wapo watakaosema kuwa hii ni mada ya wanawake, na wengine watasema ni mada ya matajiri. Sivyo. Dhahabu nyingi iliyomo majumbani mwetu hapa Songea si ya matajiri. Ni mahari ya binti, ni bangili aliyoiacha bibi, ni hereni ambazo mama alizinunua baada ya kuuza mahindi au kahawa, akaziweka kuwa akiba ya siku ya maradhi. Anayeipunguza dhahabu hiyo hata kwa gramu moja ameigusa akiba ya mnyonge.

Nianze na jambo lililotokea katika ukoo wetu. Dada yangu alipewa mkufu katika mahari yake. Baada ya miaka kadhaa kifungio kilikatika, akaupeleka kwa sonara mmoja, ambaye sitamtaja jina wala mji wake, ili aulehemu. Aliukabidhi mkono kwa mkono, bila mizani na bila karatasi. Siku ya tatu alirejeshewa, na alipouvaa alihisi umekuwa mwepesi. Akadai kuwa umepunguzwa. Sonara akakana. Wazee wakakaa na kumwuliza dada: ulikuwa na gramu ngapi? Hakujua. Nani alishuhudia? Hakuna. Hukumu katika hali hiyo tunaijua sote: ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Sonara akaapa kwa jina la Allah, na shauri likaisha.

Tulirudi nyumbani tukiwa na yakini kuwa tumeibiwa, na kwa muda mrefu tulimsema mtu yule kila tulipokaa. Kisha shemeji yangu, akipanga karatasi zake za zamani, aliikuta stakabadhi ya siku mkufu uliponunuliwa. Iliandikwa gramu 11 na nusu. Tukaupeleka mkufu kwenye mizani, ukasoma gramu 11.4. Kiasi kilichopungua ndicho kinachoweza kuondolewa na tupa na kung'arisha tu. Tulipokwenda kumwomba radhi tuliambiwa amekwisha hama, na hakuna aliyejua alikohamia. Deni la heshima yake bado liko shingoni mwetu.

Kwa hiyo ninaposema haki ya mnunuzi, ndugu zangu, sizungumzii silaha ya kumpiga nayo sonara. Nazungumzia mizani na kalamu kabla pambo halijaondoka mkononi. Vikikosekana hivyo viwili, mwenye mali anaweza kudhulumiwa asiweze kuthibitisha, na fundi mwaminifu anaweza kuitwa mwizi asiweze kujitetea.

Tuanze na kununua. Katika Sahihi Muslim imepokelewa habari ya Fadhala bin Ubayd (r.a.), kwamba siku ya Khaybar alinunua kidani kwa dinari kumi na mbili. Kidani kile kilikuwa na dhahabu na shanga pamoja. Alipovitenganisha akaona kuwa dhahabu peke yake inazidi dinari kumi na mbili. Akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akaelekeza kuwa kitu cha namna hiyo kisiuzwe mpaka kwanza kitenganishwe. Wanazuoni wameitumia habari hii katika mlango wa riba, na hapo ndipo mahali pake. Lakini mnunuzi naye ana fundisho lake humo: usinunue fungu. Mwulize sonara, katika bei hii dhahabu ni gramu ngapi, jiwe ni kiasi gani, na ufundi ni kiasi gani? Muuzaji anayetaja bei moja ya jumla na kukataa kuichambua amekuuzia kidani cha Khaybar.

Kisha karati. Dhahabu safi ni karati 24. Ya karati 22 huwa na chapa 916, yaani sehemu 916 katika 1,000 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba, fedha au madini mengine. Ya karati 18 huwa na chapa 750, na ya karati 9 huwa na 375. Chukua mkufu wa gramu 12. Ukiwa wa karati 22, ndani yake mna gramu 11 za dhahabu. Ukiwa wa karati 18, mna gramu 9. Mizani itasoma 12 katika hali zote mbili! Aliyeuziwa wa 18 kwa jina la 22 amepoteza gramu mbili huku jicho lake likiitazama mizani iliyo sahihi kabisa. Surat al-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo, na sioni tofauti kati ya anayepunja kwa jiwe la mizani na anayepunja kwa muhuri wa uongo.

Baadhi ya maduka yana kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho kina maana kwa mtu aliyenunua, akafika nyumbani, akabadili mawazo. Hakina maana kwa aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, na akamkana mwenye kughushi kuwa si katika watu wake. Fiqhi imempa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo, nayo ni ya kupunguza thamani, ana haki ya kurudisha na kupewa fedha zake. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo wazee wetu wengi wameyasoma, muuzaji haokoki na kasoro aliyoijua akainyamazia kwa kusema tu kuwa hahusiki.

Kunyamaza huku kumewahi kuitikisa biashara ya vito ulimwenguni, na jina la mji wetu likatajwa. Yakuti za Songea na Tunduru zilianza kutafutwa na wafanyabiashara wa nje katika miaka ya 1990. Sehemu ya mawe hayo yalipelekwa Thailand, ambako yalitiwa katika tanuri la moto mkali sana pamoja na madini ya berili, yakatoka na rangi za machungwa na nyekundu ambazo hayakuzaliwa nazo. Yaliuzwa kwa bei ya mawe adimu bila wanunuzi kuambiwa. Januari 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito Marekani kilitoa tahadhari, na maabara zikaanza kuyachunguza. Tazameni, hakuna aliyesema kulipika jiwe ni kosa. Mawe yamekuwa yakipikwa tangu zamani. Kosa lilikuwa kumwachia mnunuzi adhani rangi ile ni ya asili. Basi na wewe ukinunua pete yenye jiwe, uliza: ni jiwe la ardhini au kioo? Limepikwa? Jibu liandikwe kwenye stakabadhi.

Sasa tuje kwenye matengenezo, ambako ugomvi ni mwingi zaidi. Fundi akilehemu, anaongeza madini ambayo mara nyingi yana karati ndogo kuliko pambo lenyewe. Akipiga tupa na kung'arisha, anapunguza. Kwa hiyo uzito unaweza kubadilika bila wizi wowote, na ni wajibu wake kukueleza hilo mapema, si siku ya kuchukua. Na vumbi la dhahabu linalobaki mezani ni mali ya mwenye pambo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Jambo hili wengi hawalijui, na baadhi ya mafundi hawapendi lijulikane.

Je, pambo likipotea au kuharibika mikononi mwa fundi? Imepokelewa kuwa Ali bin Abi Talib (r.a.) aliwatoza mafundi dhamana, kwa hoja kuwa watu hawatatengemaa ila kwa hilo. Wengine wamesema fundi ni mwaminifu, halipi ila kwa uzembe au kwa alichokiharibu kwa mkono wake. Mwanafunzi wa Imam Shafii, Rabii bin Sulayman, anasimulia kuwa mwalimu wake alielekea kwenye kauli hii ya pili, lakini hakuwa akiitangaza kwa kuwahofia mafundi wabaya. Subhanallah! Imamu ana kauli anayoiona kuwa na nguvu, na anaizuia isije ikawa mlango wa kula mali za watu.

Lipo pia suala la kupeleka dhahabu kuukuu, kuongeza fedha na kuondoka na mpya. Katika Muwatta imo habari ya sonara aliyemwuliza Abdullah bin Umar (r.a.) kuhusu kuuza alichokifua kwa dhahabu yenye uzito zaidi, ili ziada iwe ujira wa kazi yake, naye akamkataza. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliuona ufundi kuwa na thamani yake, na khilafu hiyo ipo. Njia ya salama ni ile aliyoelekezwa Bilal (r.a.) katika tende: uza kuukuu kwa fedha, zipokee, ndipo ununue mpya. Ukifanya hivyo utaziona bei mbili wazi, ya kununuliwa na ya kuuziwa, na hapo ndipo wengi hushtuka.

Na sheria za nchi? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani imewekwa kuisimamia. Mizani ya biashara inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Itazame kama ina alama ya uhakiki, na ukiitilia shaka wapelekee habari. Dai la fedha linaweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri husikilizwa kwa Kiswahili. Lakini hakimu naye atauliza lile lile walilouliza wazee wetu: gramu ngapi? Kwa hiyo dai risiti, na kama imeandikwa bei tu, mwombe sonara aongeze kwa kalamu uzito, karati na maelezo ya jiwe, kisha atie sahihi. Ukipeleka pambo kutengenezwa, liandikwe uzito wake, kasoro yake, ujira na siku ya kuchukua, nakala moja kwako na moja kwake. Surat al-Baqara, aya ya 282, imetuelekeza kushuhudisha tunapouziana, hatujazua jipya.

Mwisho ni tangazo. Ndugu yetu mmoja mwenye mizani ndogo ya gramu amekubali kukaa barazani Jumamosi baada ya Alasiri. Kina mama walete mapambo yao, au wawatume wanaowaamini, yapimwe na kuandikwa. Anayefuata kauli kuwa mapambo yanayovaliwa yana zaka atajua pia kama amefikia gramu 85. Daftari halitabaki msikitini. Kila mtu ataondoka na karatasi yake mwenyewe. Na kama yupo hapa anayemfahamu fundi aliyehama kwa kusemwa vibaya kuhusu mkufu wa mahari, naomba anione kabla sijatoka.

Wabillahi tawfiq.