Saa 20 kwa Juma: Hesabu ya Mtoto Aendaye Ng'ambo

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya watoto wetu wanaokwenda Uingereza kusoma. Wengi wetu huuza shamba au hukopa akiba ya ushirika ili mtoto aende, na husema: "Tutalipa karo ya mwaka wa kwanza, iliyobaki atajilipia mwenyewe kwa kazi." Maneno hayo ndiyo nataka tuyapime leo. Mimi si mwanasheria, ni mtu wa reli, lakini hesabu ya saa na mshahara kila mfanyakazi anaijua.

Sheria ya Uingereza ni hii. Mwanafunzi wa kigeni anayesomea digrii huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo, basi. Juma huhesabiwa toka Jumatatu hadi Jumapili. Akifanya saa 10 juma hili, hawezi kufanya 30 juma lijalo. Wakati wa likizo aweza kufanya kazi kutwa, lakini yule wa shahada ya pili kwa kawaida hana likizo ya kiangazi, maana hiyo ndiyo miezi ya kuandika tasnifu. Tena haruhusiwi kujiajiri, hata kupeleka chakula kwa baiskeli kama mtu wa kujitegemea.

Sasa tuhesabu. Aprili 2025 mshahara wa chini kwa mtu wa miaka 21 na zaidi uliwekwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 ni pauni 244.20 kwa juma. Kwa mwezi, kwa wastani, hazifiki pauni 1,060. Nayo serikali yao, Januari mwaka huo huo, ilitaka mwombaji aonyeshe kuwa ana pauni 1,136 za matumizi kwa kila mwezi nje ya London, na 1,483 ndani ya London, hadi miezi 9. Mwaona, ndugu? Saa hizo hazitoshi hata chumba na chakula kwa kipimo cha serikali yenyewe iliyoziweka. Karo bado hatujaigusa. Na karo ya mgeni haina kikomo cha serikali, kama ilivyo ya mwenyeji wa England.

Basi karo ya mwaka wa pili ikidaiwa, mtoto hutafuta saa za kujificha. Hapo jambo hili linakuwa la chama. Mwajiri akijua kwamba umevunja sharti la viza, aweza kukulipa chini ya kima, mkononi, bila karatasi ya mshahara. Ukiuliza, akutisha kwamba atakupeleka kwa serikali. Mfanyakazi asiyeweza kushtaki amefungwa mdomo, hata awe na elimu kiasi gani. Na akigunduliwa aweza kufutiwa viza, shamba letu likawa limekwenda bure.

Mwaka 1959 Ndugu Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, aliposaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, nafasi za masomo zilitafutwa na nauli ikachangwa kabla ya ndege kuruka. Watu wa reli twajua jambo hilo: gari haliondoki stesheni kabla ya kupewa njia.

Kwa hiyo naomba tushike mambo matatu. Kwanza, mtoto asiondoke mpaka karo ya miaka yote ijulikane itatoka wapi; kazi iwe ya kuongezea chakula tu. Pili, tukimpigia simu tusimwulize, "Umetuma nini?" Shilingi anayotuma nyumbani hutoka katika saa zake za kusoma, au katika saa zilizokatazwa. Tatu, afikapo aandike saa zake kila siku, aweke karatasi zake za mshahara, na ajiunge na chama cha wafanyakazi cha huko. Mwanafunzi anayefanya kazi ni mfanyakazi, na sheria ya mshahara wa chini yamhusu.

Na kama fedha hazitoshi, vyuo vyetu vya hapa vipo. Si aibu mtoto kuanza hapa, akaenda ng'ambo baadaye.

Umoja ni nguvu.