Ubaba Haukaimiwi


Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, nilikuwa nikisaka cheo. Sheria ilinipa wiki mbili za likizo yenye malipo. Nilichukua siku tatu. Cheo nilikipata. Lakini mke wangu alibaki nyumbani na kichanga, mshono wa upasuaji haujapona, akijichotea maji mwenyewe. Jambo hilo hatujalisahau hadi leo.

Ndiyo maana nawasihi: msiogope kutumia haki yenu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Likizo hiyo haimpunguzii mama siku zake 21 za likizo ya kila mwaka. Akirejea kazini, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na kumpa muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi.

Nanyi wakuu, mfanyakazi akileta barua ya likizo, msimwangalie kana kwamba amekosa. Pangeni zamu mapema. Mimba ni ya miezi tisa. Hatuwezi kusema tumeshtukizwa.

Nikistaafu, cheo changu kitapata mtu wa kukikaimu kesho yake asubuhi. Ubaba haukaimiwi.