Nywele Kavu Hazitaki Uganga

Aliyepata kukaa Sumbawanga kati ya Juni na Agosti anaujua upepo wa Ufipa. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvua zimekwisha tangu Mei, na hewa ni baridi na kavu. Midomo hupasuka, visigino hupasuka, na nywele nazo hukauka mpaka chanuo likipita zinalia kama mabua ya mahindi.

Juzi dada mmoja aliniambia amebadilisha mafuta ya nywele mara nne katika miezi miwili. Fedha ya makopo hayo ingetosha madaftari ya mwanawe. Asubuhi nywele zinang'aa, usiku zinabaki kwenye mto. Akaniuliza, "Kaka, au nimerogwa?" Husemwa kuwa jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Nikamwambia: dada yangu, tuutupe, tutazame unywele wenyewe.

Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai. Hakuna mafuta yanayoulisha. Umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Yakibanana sana, maji huingia kwa shida na kutoka kwa shida. Yakiinuka au kumeguka, maji huingia upesi na kutoroka upesi. Ndiyo maana mafuta yanayomfaa jirani yako yanaweza yasikufae wewe.

Magamba huinuliwa na nini? Chanuo la moto, dawa za rangi, sabuni kali ya kufulia, na dawa za kulainisha nywele. Baadhi ya dawa hizo zina kostiki soda, ile ile inayotengenezea sabuni. Tena nywele za kipilipili hukauka hata bila dawa, kwa kuwa mafuta ya ngozi ya kichwa hupata taabu kusafiri kwenye mizunguko yake.

Wapo wanaoshauri utumbukize unywele katika glasi ya maji, uone kama unaelea au unazama. Kipimo hicho hakiaminiki. Unywele mkavu au wenye mafuta unaweza kuelea kwa kubebwa na uso wa maji tu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Afadhali ujitazame siku ya kuosha. Maji yakiteleza kama juu ya jani la mgomba, na nywele zikachelewa kukauka, magamba yamebana. Zikilowa mara moja na kukauka kabla hujamaliza chai, magamba yako wazi.

Mwenye magamba yaliyobana aoshe kwa maji ya uvuguvugu, apake mafuta mepesi, tena kidogo. Mwenye magamba wazi apake mafuta ya nazi kabla ya kuosha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini ya unywele, ila ya alizeti hayakufanya hivyo. Lakini alizeti yetu ya Rukwa si ya kutupwa: ipakwe baada ya kuosha, nywele zingali na unyevu, ili maji yasitoroke. Kanuni ni maji kwanza, mafuta baadaye. Anayepaka mafuta juu ya nywele kavu anapata mng'aro, ukavu unabaki pale pale. Usiku funga kitambaa laini, na msusi asivute mpaka macho yakaze.

Na nywele zilizokwisha kuungua kwa dawa? Hapo sina habari njema. Gamba lililomeguka haliponi. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi. Kata ncha kidogo kidogo na usubiri. Dada yule alinyamaza, kisha akaniuliza kama binti yake wa miaka saba naye apakwe dawa, kwa kuwa nywele zake "ni ngumu".

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo lililonileta leo. Nywele za kipilipili si ugonjwa. Tukimfundisha mtoto kuwa kichwa alichozaliwa nacho ni kosa, tunamwanzishia deni la makopo atakalolilipa maisha yake yote. Mwoshe kwa upole, mpake mafuta, msuke bila kumliza, na umwambie kuwa amependeza.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, kwa herini.