Kamera Huona Joto, Haioni Sura

Mwaka 2016 askari wa wanyamapori wa Maasai Mara walianza kuwanasa majangili usiku kwa kamera inayoona joto la mwili. Mwenye duka wa Kasulu au Kibondo akiitaka, aifunge nje, juu. Kioo cha dirisha huzuia joto. Airekebishe usiku wa manane, mtu akiwa amesimama langoni: jioni, mawe na kuta zilizoshinda juani bado hung'aa, lakini baridi ya nyanda zile ikiingia mtu huonekana wazi.

Sura, hata hivyo, haionekani. Mwizi, jirani aendaye chooni, mkimbizi aliyechelewa na kuni zake, wote ni kivuli kilekile cheupe. Basi tuulize kwanza, "Nani wewe?" Yowe la mwizi likishapigwa halirudi.