Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Do, So, Do, Mi



Historia ya miaka 25 ya kwaya mtaisoma katika kurasa zingine. Sisi tutasema juu ya gita tu, na zile sauti mnazosikia ukumbini kila Jumanne na Alhamisi jioni, do-so-do-mi, do-so-do-mi, hadi mzee mmoja akatuuliza kama hatujui wimbo mwingine.

Zamani tulikuwa tunakwaruza. Tunashika kodi, tunapiga nyuzi zote sita kwa pamoja, kinanda kinajaza, na ibada inachangamka. Kisha tukamzika mama yetu mmoja, mwimbaji wa alto tangu kwaya ianze. Jenereta ikaishiwa mafuta kabla hatujasimama kuimba. Kukwaruza gita mbele ya jeneza hatukuweza, kwa hivyo tukajaribu kudonoa uzi mmoja mmoja, polepole. Hapo ndipo tulipojisikia. Tena walikuwa wanaimba fa mahali pa mi, na alto wakawafuata. Familia ilitushukuru, lakini sisi tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Kumbe miaka yote hiyo kelele zetu wenyewe zilikuwa zimetusitiri.

Ndiyo maana tukaanza upya. Wenye elimu ya muziki huita upigaji huu apejio: noti za kodi zikitoka moja baada ya nyingine badala ya kutoka kwa pamoja. Kwa kodi ya C, kidole gumba hupiga uzi wa tano, shahada wa tatu, cha kati wa pili, cha pete wa kwanza. Simu inahesabu mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo, na asiyesikika vizuri anarudia. Kuhama kutoka C kwenda F ndiko kulikotutoa jasho, maana shahada hulazwa juu ya nyuzi zaidi ya moja, na mwanzoni uzi wa kwanza unatoa mkwaruzo tu. Vijana wawili waliacha. Mmoja amerudi. Siku hizi kwaya nzima huimba noti zilezile pamoja na gita kabla ya kufungua wimbo wowote, na tena wanajua mi iko wapi.

Kuna wazazi waliohofia kwamba tunaleta benga kanisani. Tunawaelewa, Kilimambogo tunauona kutoka hapa Lukenya, na magita ya Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo wengi wenu mliyacheza mkiwa vijana (msikatae). Lakini kudonoa si mali ya dansi. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia gumba na shahada tu, na wapiga gita wengi wa Kenya wakajifunza kwake. Sisi tunatumia vidole vinne na bado hatujamkaribia.

Leo baada ya mahubiri tutauimba tena wimbo ule wa mazishi, kwa gita moja, bila kinanda. Watoto wa marehemu wako hapa nasi.

Ombi letu kwa baraza ni tuachiwe ufunguo wa ukumbi hadi saa mbili usiku siku za mazoezi. Na atakayejaliwa atununulie nyuzi; ule wa kwanza, mwembamba, hukatika kila mara.