Nyasi za Jangwani Katika Nchi ya Mvua: Kuotesha Senkrusi Bugesera na Kicukiro



Wengi wetu tuliokusanyika hapa Niboye, Kigali, tunalala Kicukiro, lakini ng'ombe wetu wako ng'ambo ya Nyabarongo, Bugesera. Kila mwaka Impeshyi, yaani kiangazi kirefu, ikiingia mwezi Juni tunaulizana lile lile: watakula nini mpaka mvua ya Septemba? Mabingobingo, yaani urubingo, husinyaa pembeni mwa matuta, na mzigo wa majani hupanda bei. Ndipo mtu huuliza habari za nyasi za jangwani, hasa ile ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris. Mimi nitaiita senkrusi.

Nimeombwa nieleze namna ya kuiotesha na kuitunza. Kabla ya hapo niseme msimamo wangu, maana mada nzima inauegemea: senkrusi ikitushinda huku kwetu, tusikimbilie kuulaumu ukame. Ukame inaujua. Isiyoyajua ni mambo ya nchi ya mvua: udongo mchachu, maji yaliyotuama na magugu yenye haraka.

Tukumbuke kwamba nyasi hii haikutoka mbali. Kwao ni nyanda kame za Afrika, Uarabuni mpaka Bara Hindi. Mbegu ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilipelekwa Texas miaka ya 1940, na ikageuza mashamba makubwa ya ng'ombe ya kusini mwa Marekani na Mexico. Aina iitwayo Biloela, maarufu Australia, asili yake ni Dodoma. Huko ugenini imefanikiwa kupita kiasi. Jimbo la Arizona liliiweka kwenye orodha ya magugu hatari mwaka 2005, kwa kuwa huwaka moto mkali katikati ya mimea ya jangwa isiyozoea kuungua, na watu wa Tucson hujitolea kwenda kuing'oa milimani. Kwetu Afrika Mashariki hofu hiyo ni ndogo, kwa sababu wadudu, wanyama na mimea ya huku imeishi nayo tangu zamani. Hata hivyo sishauri kuipanda nje ya eneo unaloweza kulikata au kulilisha. Nyasi ndefu kavu iliyoachwa bila mwenyewe ni kuni za bure kwa moto wa Agosti.

Sasa tuje kwenye udongo. Senkrusi hustawi vizuri kwenye udongo usio mchachu, pH 7 hadi 8. Ikishuka chini ya 5.5 mmea hudumaa, kwa kuwa madini ya alumini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mizizi hiyo ndiyo mtaji wake wote: katika udongo mzuri hushuka mita 2 na zaidi, na ndiyo maana nyasi hubaki hai wakati uso wa ardhi umekuwa vumbi. Mizizi iliyokatwa ncha na uchachu haifiki huko, na bila mizizi ya kwenda chini, senkrusi ni nyasi ya kawaida tu yenye jina kubwa. Vilima vyetu vingi vimeoshwa na mvua ya miaka mingi na udongo wake ni mchachu. Kwa hiyo usinunue mbegu kabla hujapima udongo. RAB, bodi ya kilimo ya Rwanda, ina maabara ya udongo Rubona, Huye. Vipimo vikionyesha uchachu wa wastani, chokaa ya shamba, ishwagara, itasaidia. Ukiwa mkubwa, achana na senkrusi. Nitakuja kwenye mbadala wake.

Mabondeni msiipeleke kabisa. Haivumilii kusimama ndani ya maji, na Bugesera ina mabonde mengi yenye vinamasi. Mahali pake ni miteremko myepesi ya juu, penye udongo unaopitisha maji.

Mbegu yenyewe inahitaji subira. Iliyotoka kuvunwa huwa imelala na huota kwa shida. Ihifadhi miezi 6 hadi 12 ndipo uipande. Ina manyoya, hushikana, na haipiti kwenye mashine za kupandia nafaka, kwa hiyo watu huichanganya na mchanga mkavu au samadi iliyosagika, kisha huimwaga kwa mkono katika mifereji midogo. Kilo 3 hadi 5 zinatosha hekta moja mbegu ikiwa nzuri. Kosa kubwa ni kuifukia kwa kina kama mahindi. Sentimita 1 ni kina cha kutosha, 2 ni mwisho. Tawi la miti lenye majani likiburutwa juu ya mifereji linatosha kufunika. Panda mvua inapoanza kunyesha mfululizo, Septemba mwishoni au Oktoba, usingoje katikati ya msimu. Na uwaangalie sisimizi, kwani hubeba mbegu hizi kwa bidii kuliko sisi.

Wiki sita za kwanza ndizo zinazoamua. Jangwani mche wa senkrusi huota peke yake katika ardhi iliyo tupu. Huku kwetu huota pamoja na magugu ya kila namna, na yote yanakua kwa kasi kuuzidi. Palizi mbili za mkono zinahitajika katika kipindi hicho, na anayesema nyasi hazipaliliwi hajawahi kupanda nyasi.

Halafu lipo suala la ng'ombe. Miche ikifika magotini mfugaji hushawishika, hasa akiwa na ng'ombe wa mpango wa Girinka anayelia zizini. Kipimo ni rahisi: shika kishungi, vuta kama ng'ombe anavyovuta kwa ulimi. Kikitoka na mizizi, bado. Mimi ningependa mwaka wa kwanza nyasi ziachwe mpaka zitoe na kudondosha mbegu, ndipo zikatwe. Baada ya hapo kata kila zinapotaka kuchanua, ukiacha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, kwa kuwa akiba ya chakula cha mmea iko katika mashina ya chini. Majani machanga yana protini nzuri; yakikomaa hubaki nyuzi za kushibisha tu. Anayesubiri shamba liwe refu na la kupendeza ndipo akate hei, anafunga marobota ya mabua.

Mfano ninaourudia sana ni wa Baringo, Kenya. Mwaka 1982 Elizabeth Meyerhoff na Murray Roberts walianza kazi ambayo baadaye iliitwa RAE Trust, kando ya ziwa, mahali ambapo mifugo ilikuwa imeacha ardhi ngumu isiyonywa maji. Walizungushia uzio, wakachimba makinga maji, wakaotesha senkrusi na nyasi nyingine za asili. Jamii zenyewe zilianza kuuza malisho, nyasi za kuezekea na mbegu. Huko Kuku, Kajiado, wanawake wa Kimaasai wana vitalu vya mbegu za nyasi, na mashimo ya umbo la nusu mwezi hukusanya maji ya mvua. Kilicho muhimu kwetu zaidi katika mfano wa Baringo ni uzio. Bila kuzuia miguu na midomo, mbegu bora ni chakula cha siku moja. Kwa wenye kufugia zizini, uzio huo tayari mnao, na hapo mna nafasi nzuri kuliko Baringo.

Kwa aliye na kiwanja cha Niboye tu, akitaka kulisha ng'ombe mmoja au sungura, nisimdanganye: apande nyasi ya brakiaria, ule mbadala niliosema. Inavumilia uchachu, inafunika mteremko, na kiangazi chetu cha miezi mitatu inakimudu. Tangu 2012 RAB na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wameijaribu Rwanda na Kenya. Nayo ni ya kwetu iliyozunguka dunia: aina ya Basilisk ilitoka Uganda, na ile ya Xaraés ilichukuliwa Cibitoke, Burundi, ikalelewa Brazil ndipo ikaturudia kwenye mifuko yenye bei. Mwenye kutaka ua wa kukanyaga tu, pasparumu ya Kigali inamtosha.

Kwa wanaobaki na senkrusi kuna faraja moja kubwa. Mbegu zake nyingi huundwa bila kuchanganya damu na mmea mwingine, hivyo mtoto ni nakala ya mama, na mfugaji anaweza kujitunzia aina yake miaka mingi. Mashuke yakianza kubadilika rangi, yakokote kwa vidole kila baada ya siku chache, kwa sababu hayaivi kwa pamoja. Anika kivulini, weka kwenye gunia linalopitisha hewa, mbali na panya. Yaliyokokotwa Januari yatakuwa yameamka Oktoba, kwa wakati ule ule mnaohitaji kupanda.